Pete, Magamba na Mabati: Deraya za Warumi na Mahali Gharama Ilipolipwa

Askari wa Kirumi anayechorwa vitabuni huwa amevaa mabati: mikanda ya chuma imezunguka kiwiliwili, mingine imepanda mabegani. Deraya hiyo ilikuwepo kweli, lakini ilidumu chini ya miaka 300, na hata katika miaka hiyo haikuwa peke yake. Kabla yake, pamoja nayo na baada yake walikuwepo askari waliovaa pete za chuma zilizosukwa, na wengine waliovaa magamba ya shaba au chuma. Watu huuliza ipi ilikuwa bora. Swali hilo halijibiki mpaka uulize kwanza gharama yake ililipwa wapi: kwa fundi aliyeiunda, kwa mwili ulioibeba, au kwa karakana iliyoikarabati kila ilipovunjika.

Deraya ya kiwiliwili kwa Kilatini iliitwa lorika. Ya pete ni lorika hamata na ya magamba ni lorika skwamata. Ile ya mabati leo huitwa lorika segmentata, jina lililobuniwa na wasomi wa Ulaya katika karne ya 16. Ipo pia deraya ya kifua kizima iliyofinyangwa kufuata misuli, ile inayoonekana kwenye sanamu ya Augusto wa Prima Porta. Hiyo ilikuwa ya makamanda na wafalme, na haisaidii kueleza askari wa kawaida alivaa nini, kwa hiyo tuiache hapo.

Mkanganyiko mwingi umetokana na Nguzo ya Trajan mjini Roma, iliyozinduliwa mwaka 113 kukumbuka vita vya mfalme Trajan katika nchi ya Dakia. Humo karibu askari wote wa lejioni, yaani raia wa Roma, wamevaa mabati, na wale wa vikosi saidizi wamevaa pete. Ni mpangilio mzuri kwa mtazamaji aliye chini anayetaka kujua nani ni nani kwenye mchongo ulio mita nyingi juu yake. Lakini nenda Adamclisi, Romania, kwenye mnara wa ushindi wa mfalme huyohuyo, uliowekwa wakfu mwaka 109 kukumbuka vita vilevile vya Dakia. Kule askari wa lejioni wamevaa pete na magamba, na mkono wa upanga umefunikwa mikanda ya chuma inayolaliana kutoka begani hadi kiganjani. Michongo ya Adamclisi ni ya mikono migumu, haina umaridadi wa Roma, ila kuhusu vifaa ndiyo ya kuaminiwa zaidi.

Nguzo hiyohiyo ndiyo iliyochochea hadithi ya deraya za ngozi. Pete nyingi zilichongwa kijuujuu kwa mistari, nyingine zikaachwa laini kabisa, na wasomi wa zamani wakadhani wanaona ngozi. Hata mikanda ya segmentata ilidhaniwa kuwa ngozi ngumu mpaka vipande vyenyewe vya chuma vilipoanza kufukuliwa.

Pete

Warumi hawakuivumbua deraya ya pete. Varro, mwandishi wao wenyewe, anasema ilitoka kwa Wagali, watu wa eneo la Ufaransa ya leo. Polybius, aliyeandika katika karne ya 2 kabla ya Kristo, anaeleza kwamba askari wa kawaida alivaa kifuani kipande cha shaba chenye upana wa shubiri moja, na ni wale tu wenye mali ya zaidi ya drakma 10,000 waliovaa pete. Askari alijinunulia vifaa vyake, na deraya ya pete ilikuwa ghali. Sababu ya ughali huo unaiona mara moja ukianza kuitengeneza.

Msuko wa Kirumi ni wa pete moja kushika nne: mbili za safu ya juu na mbili za safu ya chini. Safu zinabadilishana. Safu moja ni ya pete nzima zisizo na kiungo, nyingi zikiwa zimekatwa kwa panchi kutoka kwenye bati. Safu inayofuata ni ya pete za waya zilizofungwa kwa ribiti, yaani kipini kidogo kinachopondwa ncha ili kishike. Mpangilio huu una akili kubwa. Pete ya waya ikishapitishwa kwenye pete nzima nne na kufungwa, kazi ya sehemu hiyo imekwisha, maana yake unapiga ribiti nusu tu ya pete zote.

Chukua vipimo vya kufanyia kazi: uwazi wa ndani milimita 6, waya wa milimita 1.2. Pete moja ina uzito wa takriban gramu 0.2. Deraya inayofika katikati ya paja, yenye mikono mifupi na tabaka la pili mabegani, itameza pete 35,000 hadi 40,000, yaani kilo 7 hadi 8 kabla ya kulabu na ngozi za pembeni. Pete nyingi za kale zilikuwa ndogo kuliko hizi, na deraya nyingine zilipita kilo 10. Kati ya pete 36,000, nusu, yaani 18,000, zinahitaji ribiti. Fundi aliyezoea akitumia dakika moja kwa kila ribiti, ni saa 300. Kwa siku ya kazi ya saa 10, huo ni mwezi mzima, na hujahesabu kuvuta waya wala kupiga panchi pete nzima.

Hatua za pete ya waya ni hizi. Waya uwe umelainishwa: umepashwa moto hadi wekundu kisha umeachwa upoe polepole. Madukani Afrika Mashariki waya mweusi wa kufungia nondo, geji 18, una unene wa karibu milimita 1.2 na tayari ni laini. Uzungushe kwenye fito ya chuma ya milimita 7 ukibana mizunguko ikaribiane. Toa chemchemi hiyo kwenye fito, kata pete mojamoja, halafu zibane zaidi ili ncha zilaliane kwa milimita 3 hivi. Kubana huku hupunguza uwazi, kwa hiyo fito ya milimita 7 ndiyo inayokupa milimita 6 za mwisho. Weka pete kwenye fuawe na upige ncha zilizolaliana mpaka ziwe bapa na pana. Toboa tundu kwa panchi kali. Usitumie keekee, kwa sababu keekee inaondoa chuma ilhali panchi inakisukuma pembeni, na kwenye eneo dogo namna hii kila chembe ya chuma ina kazi. Pitisha pete kwenye nzima nne, ingiza kiribiti cha waya wa milimita 0.8, kikandamize kwa koleo iliyotobolewa kishimo kwenye taya moja ili kichwa kipate umbo la mviringo.

Makosa yanajirudia karibu kwa kila anayeanza. Ncha zisipolaliana vya kutosha, tundu linakaa ukingoni na pete inapasuka kwenye kona siku ya kwanza ya kuvaliwa. Waya usiolainishwa hutoa nyufa nyembamba unapopigwa bapa. Nyufa hizo huzioni mpaka pete ikatike. Anayeruka ribiti na kubana ncha tu, kama zinavyouzwa nyingi za bei rahisi, anapata fulana inayojifungua yenyewe, kwa sababu uzito wote unavuta viungo vya mabegani, na ncha ya mkuki ndiyo kabisa. Kosa la nne ni la mwelekeo. Msuko huu unanyooka sana upande mmoja na kidogo upande mwingine. Safu zikienda kwa mlalo kuzunguka kifua, uzito huufanya msuko ukusanyike na kukaa mwilini. Ukizigeuza zikawa wima, fulana inatanuka kuwa pana na kuning'inia vibaya.

Mabegani Warumi waliongeza vipande viwili vinavyotoka mgongoni, vikapita juu ya bega na kufungwa kifuani kwa kulabu mbili, mara nyingi zenye umbo la herufi S lenye vichwa vya nyoka. Hapo ndipo panapopokea upanga unaoshuka. Na mshipi haukuwa pambo. Pete zote huning'inia mabegani. Ukikaza mshipi kiunoni na kuvuta fulana juu kidogo ili imwagike juu ya mshipi, sehemu nzuri ya uzito inahamia nyongani. Anayejaribu deraya hii bila mshipi hulalamika kuhusu shingo ndani ya saa moja.

Baada ya malipo hayo makubwa ya mwanzo, deraya ya pete haidai kitu kingi. Pete zikisuguana hujisafisha kutu. Pete kumi zikikatika, unaziba kwa pete kumi. Mtu mnene na mwembamba wanaweza kuivaa moja. Kulabu kadhaa zilizofukuliwa zimekwanguliwa majina ya wenyewe, na kifaa kimoja kingeweza kupita mikononi mwa zaidi ya askari mmoja. Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, anaandika kwamba askari walioasi mwaka 14 walilalamika kuwa kutoka kwenye mshahara wa asi 10 (sarafu ndogo) za siku walikatwa nguo, silaha na mahema. Kwa mtu wa namna hiyo, kifaa kinachodumu miaka mingi kina maana.

Magamba

Ya magamba ndiyo rahisi kwa fundi, na kwa maoni yetu ndiyo inayodharauliwa bila haki. Vipande vidogo vya shaba ya njano au chuma, vyenye unene wa milimita 0.5 hadi 0.8, vinaungwa kwa waya ubavuni kuwa safu, kisha safu zinashonwa kwenye kitani au ngozi nyembamba. Ukubwa wa gamba ulitofautiana sana: yapo yasiyofika sentimita 1 kwa upana na yapo yenye urefu wa sentimita 8. Kule Carpow, Uskoti, kilipatikana kipande ambacho magamba yake madogo ya shaba bado yameshikamana na kitani chake, na hicho ndicho kinachotufundisha ushonaji.

Hesabu ni nyepesi. Gamba la milimita 25 kwa 40, ukipoteza 5 ubavuni na 15 juu kwa ajili ya kulaliana, linafunika milimita 20 kwa 25. Mita moja ya mraba inahitaji magamba 2,000. Fulana isiyo na mikono, yenye eneo la mita za mraba 0.8, ni magamba 1,600. Kata 1,800 kwa sababu mengine yataharibika. Kwa shaba ya njano ya milimita 0.7, kila gamba ni karibu gramu 6, jumla kilo 9 na nusu, bila kitani na waya.

Kata magamba kwa mkasi wa bati, zungusha ncha ya chini, toboa matundu mawili mawili kila ubavu na mawili au manne juu. Kisha, na hii ndiyo hatua inayorukwa, ulichonge tundu kwa tupa kwa nyuma. Panchi huacha ukingo mkali, na ukingo huo unakata uzi kidogo kidogo kila askari anapoinama. Baadaye lipige gamba katikati juu ya mbao yenye shimo ili lipate tumbo. Gamba lenye tumbo au mgongo wa katikati ni gumu kupinda kuliko bapa la unene uleule. Unga safu kwa vipande vifupi vya waya wa milimita 1 vilivyopindwa nyuma. Anza kushona safu ya chini kabisa ukipanda, kama anayeezeka makuti, kila safu ya juu ikifunika uzi wa safu iliyo chini yake.

Udhaifu wake uko katika mpangilio huohuo. Upanga unaoshuka unateleza; ncha inayopanda kutoka chini inaingia chini ya gamba na kukuta kitani peke yake. Kuanzia karne ya 2 yakatokea magamba yaliyoungwa kwa waya pande zote nne, juu na chini pia, na mlango huo ukafungwa. Lakini sasa fulana ikawa ngumu, haikunji vizuri kiunoni, na mvaaji akaanza kuhitaji mpasuo na vibati viwili vya kifuani vya kufungia shingoni ili kichwa kipite. Palikuwa pia na aina ya kifahari iliyopachika vigamba vidogo mno vyenye mistari juu ya msuko wa pete laini. Ukizingatia saa zilizoingia humo, tunakubali ilikuwa ya kuonyesha uwezo wa mwenye mali.

Gharama ya magamba inalipwa katika upotevu. Uzi unaoza kwa jasho, waya unakatika, gamba linaanguka njiani na hakuna anayelisikia. Kulirudisha ni kazi ya dakika tano ambayo askari mwenyewe anaiweza kwa sindano na koleo. Kwa hiyo ni kifaa kinachoharibika kila wiki na kutengenezwa kila wiki, na jeshi lenye mafundi wachache mipakani linaweza kuishi na hali hiyo.

Mabati

Kuhusu segmentata tulibahatishabahatisha mpaka mwaka 1964, sanduku la mbao lenye vifungo vya chuma lilipofukuliwa kwenye ngome ya Corbridge, kaskazini mwa Uingereza, likiwa na sehemu za deraya kadhaa za mabati. Kutokana nalo H. Russell Robinson, mtaalamu wa deraya za kale, aliweza kuunda upya muundo ambao tunaufuata leo, na ndipo zilipojulikana aina mbili zinazoitwa Corbridge A na Corbridge B. Kabla ya hapo, mwanzoni mwa karne ya 20, vipande vya aina ya baadaye vilikuwa vimepatikana kwenye kisima cha ngome ya Newstead, Uskoti. Mwaka 2018 Kalkriese, Ujerumani, mahali panapohusishwa na maangamizi ya lejioni tatu za jemadari Varus mwaka 9, ilifukuliwa deraya ya mabati ya kale zaidi iliyo karibu kamili, na taarifa zake zikatolewa mwaka 2020.

Deraya nzima ni sehemu nne: mabega mawili na nusu mbili za kiuno. Kila bega lina bati la kifua, bati la juu na ya mgongoni, yakiungwa kwa bawaba za shaba ya njano. Juu yake hupita bati pana la vipande vitatu vyenye bawaba, likifuatwa na manne membamba yanayoshuka kuelekea mkono. Kila nusu ya kiuno ni mikanda ya chuma saba au nane iliyoning'inizwa kwa ndani kwenye mikanda mitatu ya ngozi: mgongoni, ubavuni na mbele. Nusu hizo hufungwa kwa kamba kupitia vitanzi mbele na nyuma. Katika aina ya A mabega yanaungana na kiuno kwa ngozi na bizimu. Katika B, kwa kulabu. Ukiifungua, sehemu hizi zinaingiana na kuwa furushi dogo.

Mtengenezaji wa leo anayetaka kuianza aache mabati ya paa. Ya geji 28 au 30 ni chini ya milimita 0.4, yamekunjwa mawimbi, na yamepakwa zinki ambayo ikipashwa moto hutoa moshi wenye sumu. Nunua bati jeusi bapa. Geji 20 ni karibu milimita 0.9, yaani kilo 7 kwa mita ya mraba. Geji 18 ni milimita 1.2, kilo 9.4. Ukihesabu kulaliana, deraya inakula takriban mita za mraba 0.8, kwa hiyo uchaguzi huo peke yake unaamua kama utabeba kilo 5.7 au 7.5. Mabati ya kale yaliyopimwa mengi hayakuzidi sana milimita 1.

Anza na kiolezo cha kadibodi kwenye mwili wa atakayevaa, akiwa tayari ameshavaa nguo nene ya ndani. Mikanda saba yenye upana wa milimita 55, kila mmoja ukilaliana na mwenzake kwa 15, inatoa kimo cha milimita 295. Pima mvaaji akiwa amekaa. Mkanda wa mwisho ukifika mfupa wa nyonga, hataweza kuinama kuokota mkuki. Kosa kubwa hapa ni kukata mikanda yote kwa urefu mmoja. Kiuno ni chembamba kuliko kifua, na mikanda isiyopungua kuelekea kiunoni inaning'inia kama bomba, halafu uzito wote unabaki mabegani kwa sababu hakuna kinachoshika juu ya nyonga.

Pinda mikanda kwa mkono juu ya gogo la mviringo, lainisha kingo zote kwa tupa, kunja nje ukingo wa shingo na wa mwisho wa chini. Sasa ribiti. Ngozi iwe ya unene wa milimita 2 hadi 3, iliyopakwa nta au mafuta. Panga mabati yakiwa yamelaliana kikamilifu, weka alama, kisha uachie ngozi ulegevu wa milimita 3 hadi 4 kati ya ribiti na ribiti. Bila ulegevu huo mikanda inakaza na mvaaji hawezi kujikunja. Ukizidisha, yanafunguka unapoinua mkono na ngozi inaonekana nje. Ndani weka washa za shaba ya njano chini ya kila ribiti, la sivyo kichwa kinachomoka kupitia ngozi.

Mabega ndiyo yanayomshinda kila mtu. Bega la binadamu linateremka, ilhali mabati ya kifua yametengenezwa kukutana wima katikati. Mtu akivaa juu ya kanzu nyepesi, mabati yanaanguka nje, pengo la pembetatu linafunguka chini ya koo, na ukingo unakata shingo. Dawa yake ni kuujenga mteremko kwa tabaka za kitani au felti (sufu iliyoshindiliwa) chini ya mabati, nene zaidi karibu na ncha ya bega. Anayeona pengo akaamua kupinda mabati badala ya kujaza bega atapinda mpaka yaharibike.

Kisha njoo kwenye ugonjwa wa deraya hii. Shaba ya njano ikigusana na chuma penye unyevu wenye chumvi, chuma ndicho kinacholiwa, na jasho ni unyevu wenye chumvi. Kila bawaba, bizimu na kitanzi ni mahali pa kuozea. Bawaba zenyewe zilikatwa kwenye shaba nyembamba. Ndiyo maana vifungo vya segmentata vimetapakaa kwenye ngome za Kirumi, vikiwa vimeanguka kimoja kimoja. Mabati ya Corbridge yamejaa viraka: bawaba iliyovunjika haikubadilishwa, fundi alipiga ribiti kupitia mabati mawili na kuyafanya moja. Aina ya Newstead inaonekana kama jibu la malalamiko hayo, ikiwa na mabati makubwa, sehemu chache na vifungo vizito zaidi.

Ukizilinganisha

Kwa pigo zito la juu, mabati yanashinda bila ubishi. Bati linasambaza nguvu kwenye eneo pana na kwenye ngozi iliyo chini yake. Pete zinazuia makali yasikate nyama, lakini mfupa wa bega unaweza kuvunjika chini yake bila pete hata moja kukatika. Mshale wenye ncha nyembamba unatafuta uwazi wa pete na kuipasua, ilhali kwenye bati lililopinda mara nyingi unateleza. Magamba yapo katikati, kwa kuwa mahali pengi yamelaliana mawili hadi manne.

Lakini bati halifuniki kwapa, halifiki mapajani, na ukiongeza kimo ili lifike, mvaaji hatembei. Fulana ya pete inafunika kote huko. Mpanda farasi, kwa mfano, hana namna ya kukaa na mikanda ya chuma ikimchoma mapajani, na ndiyo sababu wapanda farasi walibaki na pete na magamba wakati wote.

Uzito haumalizi ubishi kama wengi wanavyofikiri. Tofauti ya kilo 2 au 3 inamezwa na jinsi mzigo unavyokaa. Mabati ya milimita 1 yaliyopimwa vizuri ni mepesi kuliko fulana ndefu ya pete, ila yasipopimwa kwa mwili wako yanaumiza kuliko kilo 10 za pete zilizokazwa kwa mshipi. Hapo ndipo karakana inapoingia: pete unampa askari yeyote anayekuja, mabati unamtengenezea huyu.

Tukizijumlisha hivyo, kutoweka kwa segmentata katika karne ya 3 hakuna fumbo kubwa. Ilihitaji bati lililo sawa, shaba, ngozi na fundi wa karibu wa kuirekebisha, na karne hiyo ilileta vita vya wenyewe kwa wenyewe na vikosi vinavyohamahama mipakani. Kilichobaki ni kile kilichostahimili kutotunzwa. Katika handaki lililochimbwa chini ya Mnara wa 19 wa mji wa Dura-Europos, Syria, ulipozingirwa na Waajemi karibu mwaka 256, maiti ya askari ilipatikana ikiwa bado na fulana ya pete. Mjini humohumo yalipatikana mavazi ya farasi ya magamba, yakiwa bado kwenye kitambaa chake. Pete zikaendelea kwa zaidi ya miaka 1,000 baada ya hapo, nje kabisa ya mikono ya Warumi.

Majaribio ya kupiga mishale na mikuki kwenye deraya mpya yasomwe kwa tahadhari. Chuma cha kale kilitoka kwenye tanuri kikiwa na mavi ya chuma ndani yake, tena kaboni yake haikuwa sawa kila mahali. Bati la dukani ni la namna moja tangu ukingo hadi ukingo. Likistahimili mkuki, limekueleza habari za kiwanda cha leo.

Na majaribio mengi yanasahau nguo ya ndani. Mwandishi asiyejulikana jina wa karne ya 4 anaeleza vazi la felti la kuvaliwa chini ya deraya, na anashauri livikwe juu yake ngozi ya Libya iliyotengenezwa vizuri ili mvua isilifanye zito. Bila vazi la namna hiyo, hata deraya iliyo bora inapitisha pigo mpaka mbavuni. Tabaka 8 hadi 10 za kitani zilizoshonwa pamoja, au felti ya milimita 6, zinatosha kuanzia, na ziongezwe mabegani.

Wanaoandaa mavazi ya igizo la Ijumaa Kuu wana bahati, kwa sababu ukweli wa historia unawapunguzia kazi. Pilato alitawala Yudea kuanzia mwaka 26 hadi 36, na kikosi chake kilikuwa cha askari saidizi. Lejioni zilikaa Syria. Mabati ya kadibodi yaliyopakwa rangi ya fedha, ambayo kila mwaka hupasuka kwenye kwapa kabla ya tendo la pili, si ya hapo. Fuma fulana pana ya uzi mnene wa kijivu kwa sindano kubwa, urefu hadi katikati ya paja, ipulizie rangi ya fedha kijuujuu ili mashimo ya mfumo yabaki meusi, ongeza vipande viwili vya mabegani vyenye kulabu kifuani, kisha kaza mshipi na uvute fulana imwagike juu yake kidogo.